Kwa Nini Hatumwagi Dawa Dampo

Tangu mvua zianze, malalamiko ya harufu ya dampo yameongezeka, na karibu kila anayefika ofisini Kigoma ana ombi lile lile: mwageni dawa, vijidudu vife. Kero tunaielewa. Ombi hatuwezi kulikubali.

Katikati ya lundo hewa ni haba. Bakteria wanaoishi humo huvunja mabaki ya dagaa, maganda ya ndizi na makapi ya mawese hadi kuwa asidi, na harufu kali hutokana zaidi na hatua hiyo. Kisha vijidudu wengine, arkea, huzigeuza asidi kuwa gesi, takriban nusu methani na nusu hewa ukaa. Ukimwaga dawa unaukata mnyororo huo. Taka zinabaki pale pale na harufu inarudi. Tiba ya harufu ni kufukia kwa udongo, ambao nao una bakteria wanaokula methani kabla haijatoka nje.

Lundoni wapo pia bakteria wanaovunja kemikali kama fenoli, tolueni ya kwenye rangi na petroli, hata baadhi ya viyeyusho vyenye klorini, ila kwa miaka. Metali kama risasi, zebaki na kadimi hakuna bakteria anayezimaliza. Huchuruzika na maji meusi ya chini ya lundo, na mteremko wetu unaishia Ziwa Tanganyika, lenye mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo tuache kusema “dampo litamaliza lenyewe”. Betri ya gari si ganda la ndizi.

Betri, mafuta machafu ya injini na makopo ya viuatilifu yatengwe. Mtaarifu mtendaji wa kata, taja aina na kiasi, subiri ukaguzi wa afisa mazingira. Msafirishaji awe na kibali chini ya Kanuni za Taka Hatarishi za 2021. Kijana wa mkokoteni hana.

Mabaki yaliyofungwa kwenye plastiki hayaozi ipasavyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Anayekutwa nayo hulipa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote. Muuzaji, 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote. “Nimewekewa tu dukani” si utetezi.