Simu ya kitengo cha udhibiti wa ulaghai: namna ya kumtofautisha ofisa wa benki na tapeli

Kitengo cha udhibiti wa ulaghai ni idara ya benki inayoangalia miamala ya wateja inavyopita na kuisimamisha ile inayotia shaka kabla fedha hazijatoka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Kadi ambayo kwa miaka miwili imetumika kwenye mashine za kutolea fedha za Dodoma na kwenye duka moja la dawa, ikionekana saa nane usiku inanunua simu ya bei kubwa kwenye tovuti ya nchi nyingine, mfumo huuzuia muamala huo na kumpelekea ofisa taarifa. Ofisa huyo ndiye anayepiga simu au kutuma ujumbe, na swali lake linajibika kwa neno moja: je, muamala huu ni wako? Ukisema si wako, anaifunga kadi palepale alipoketi, na ukisema ni wako, anauachia upite.

Nalikazia hilo la kuifunga kadi palepale kwa sababu ndipo tofauti yote inapoanzia. Ofisa wa kweli ana akaunti yako mbele ya macho yake, ikiwa na salio, tarehe na kiasi cha kila muamala. Namba yako ya siri hana haja nayo, na hata angeitaka, mfumo wa benki haumwonyeshi. Tarakimu 3 za nyuma ya kadi hana haja nazo, wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi, ambayo wengi huiita OTP. Mtu anayekuomba siri ili akusaidie kuzuia wizi ni mtu aliye nje ya nyumba yako, na ufunguo anautafuta kwako.

Tatizo ni kwamba tapeli anaijua kazi ya kitengo hiki vizuri, na anaiigiza. Mwaka jana nilikuwa nimekaa na shangazi yangu uani kwake Morogoro, yeye akichambua mchele, simu yake ilipoita. Kijana aliyepiga alimwamkia shikamoo, akamtaja kwa majina yake matatu, kisha akasema kwa upole: "Mama, napiga kutoka makao makuu ya benki. Kuna mtu yuko Arusha anataka kutoa shilingi 1,850,000 kwenye akaunti yako sasa hivi. Nimemzuia, lakini mfumo unanipa dakika 5 tu. Usikate simu, na usimwambie mtu yeyote, hata wa tawini, maana hao ndio tunaowachunguza." Nilimwona shangazi akiweka ungo chini na kushika kifua. Kilichomshtua, aliniambia baadaye, si zile fedha; ni yale majina matatu. Alisema: asiyekuwa wa benki angeyajua wapi?

Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa kuwa ndilo linalowaangusha watu wengi, wakiwemo wasomi. Majina yako si siri. Anayetaka kutuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Tapeli huingiza namba yako kana kwamba anakutumia fedha, anasoma jina lililojitokeza, kisha anaghairi bila kulipa chochote. Madaftari ya mawakala yana majina, namba za simu na wakati mwingine namba za vitambulisho, na hukaa wazi kaunta siku nzima. Tarakimu 4 za mwisho za kadi huchapishwa kwenye risiti ambazo wengi wetu huziacha dukani. Tarakimu za mwanzo ni rahisi zaidi: kadi za Visa huanza na 4, na tarakimu 6 za kwanza hutambulisha benki iliyotoa kadi, hivyo maelfu ya wateja wa benki moja huwa nazo sawa. Anayekusomea hizo hajakusomea kitu chako hata kimoja.

Namba inayoonekana kwenye kioo nayo haithibitishi lolote. Mitandao ya simu ilijengwa kwa kuaminiana: upande unaopiga ndio unaotangaza namba yake, na kwa muda mrefu upande unaopokea haukuwa na njia ya kuhakiki tangazo hilo, ndiyo maana mwenye vifaa anaweza kuifanya simu yake ionekane inatoka kwenye namba ya benki. Ujumbe mfupi una udhaifu uleule. Simu yako hupanga jumbe kwa jina la mtumaji, kwa hiyo ujumbe wa kughushi wenye jina la benki unaweza kuingia kwenye mfululizo uleule wa jumbe halali ulizopokea miezi yote iliyopita. Kinyume chake ni rahisi zaidi. Nchini Tanzania huduma kwa wateja ya kampuni za simu hupiga kwa namba 100, na nchini Kenya Safaricom hupiga kwa 0722 000000. Anayejitambulisha kuwa mhudumu wao kwa namba ya kawaida amekwisha kujifichua. Kwa maneno mengine, namba isiyo rasmi inatosha kumkataa mtu, lakini namba rasmi haitoshi kumkubali.

Kuhusu OTP, inafaa kujua kinachotendeka upande wa pili wakati mnaongea. Tapeli amefungua programu ya benki yako kwenye simu yake, ameingiza namba yako, na amebonyeza sehemu ya kusahau nywila. Benki, kwa nia njema, inakutumia wewe namba ya uthibitisho. Ujumbe unaingia wakati uleule anapokwambia, "Nimekutumia namba ya kusitisha muamala, nisomee," na kwa kuwa kweli umeingia, unamwamini. Lakini namba hiyo haisitishi kitu. Ni ruhusa ya kuingia au ya kulipa, na mara nyingi ujumbe wenyewe unasema usimpe mtu yeyote. Niliuona ujumbe huo kwenye simu ya shangazi. Onyo lilikuwa mstari wa kwanza, namba ikiwa mstari wa pili, na jicho lake lilikuwa limeruka moja kwa moja kwenye namba.

Tapeli asiyeipata OTP hukuomba uhamishe fedha mwenyewe kwenda "akaunti salama". Hakuna benki yenye akaunti ya namna hiyo, kwani fedha zinazotiliwa shaka hulindwa kwa kuifunga akaunti zilimo. Wengine hukuomba kupakua programu inayowawezesha kuona kioo cha simu yako, au kubonyeza namba inayoanza na *21* au **21*, ambayo huelekeza simu zako zote kwenye laini yao. Aliyekwisha kuibonyeza anaweza kuiondoa kwa ##21#.

Kuna eneo moja lisilo wazi, na hapa benki zenyewe zina lawama. Maofisa wa kweli nao wakati mwingine hupiga na kuanza kuuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la mama au kiasi cha muamala wa mwisho, wakisema wanahakiki kuwa wanaongea na mteja. Wana sababu, lakini wanamhakiki mteja ambaye yeye hajapewa njia ya kuwahakiki wao, na kwa kufanya hivyo wanamzoesha kujibu maswali ya sauti asiyoijua. Mteja aliyezoezwa hivyo na benki yake hatashangaa tapeli akiuliza yaleyale. Kwa maoni yangu, hata maswali hayo hayapaswi kujibiwa kwenye simu uliyopigiwa.

Uhakiki wa kweli hutokana na mwelekeo wa simu. Sauti, lugha ya adabu, majina na namba vyote vinaweza kuigwa, lakini tapeli hawezi kupokea simu uliyoipiga wewe kwenye namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako. Kwa hiyo unamwambia aliyepiga kuwa utapiga benki mwenyewe, unakata, unatafuta namba hiyo kwenye kadi au unakwenda tawini. Usitumie namba aliyokupa yeye, wala kubonyeza ile iliyokupigia. Ofisa wa kweli hatakasirika. Muamala umeshazuiwa, na hakuna dakika 5 zinazokwisha. Nchini Uingereza wazo hilihili limepewa namba fupi, 159, iliyoanzishwa mwaka 2021, ambayo humuunganisha mpigaji na benki yake ikiwa ni miongoni mwa zilizojiunga.

Kama siri imekwisha kutoka, kinachohesabika ni muda. Benki hupigiwa kwanza ili ifunge kadi na akaunti, nywila ibadilishwe, kisha polisi wapewe taarifa. Tanzania namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, na mteja wa Safaricom nchini Kenya huituma kwenda 333. Usione aibu kiasi cha kungoja hadi kesho, kwa kuwa fedha zilizohamishwa hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache.

Shangazi hakusoma ile namba. Alikata simu, tukapanda bodaboda mbili hadi tawini, na alipofika alimweleza ofisa wa dawati yote, pamoja na onyo la kutomwambia mtu wa tawini. Yule dada alifungua akaunti yake kwenye kompyuta na kumgeuzia kioo aone mwenyewe. Kitengo kinapompigia mteja huacha kumbukumbu ya saa, jina la ofisa na sababu. Kwenye akaunti ya shangazi hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya simu siku hiyo, na muamala wa mwisho ulikuwa wa wiki mbili nyuma, shilingi 40,000, alizotoa mwenyewe kununua mbolea.