Mgombea hapimwi kwa kifua

Msimu wa kampeni ukifika, pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wagombea hupimwa kama ng'ombe wa mnadani: "huyu dume", "huyu jembe", "yule legelege, mwanaume wa Dar". Watu husema huku wakicheka. Mimi siyapuuzi maneno hayo, maana ndiyo yanayoamua nani asikilizwe.

Dhana: Ubabe wa kiongozi ni hulka yake, hauigizwi.

Ukweli: Huandaliwa kama jukwaa lenyewe. Picha za Vladimir Putin akiwa kifua wazi juu ya farasi, kule Tuva, Siberia, mwaka 2009, zilipigwa ili zisambazwe. Nasi tunakumbuka 2015, John Magufuli wa Chato alipopiga pushapu mbele ya umati, wakati afya ya mpinzani wake, Edward Lowassa, ikinong'onwa kila kona. Hakuhitaji kumtaja mtu.

Dhana: Kiongozi mbabe ndiye mlinzi wa wanyonge.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu gharama yake ni roho za watu. Machi 2020 Jair Bolsonaro, Rais wa Brazili wakati huo na kapteni mstaafu wa jeshi, aliiita korona vimafua tu, akasema mwili wake wa kimichezo usingetetereka. Novemba mwaka huohuo akawataka Wabrazili waache kuwa nchi ya wanaume wa kike-kike. Kuogopa ugonjwa kukishageuzwa aibu ya mwanaume, nani atavaa barakoa mbele ya wenzake? Kufikia Oktoba 2021 waliokufa walipita 600,000. Rodrigo Duterte naye alishinda urais wa Ufilipino mwaka 2016 akiahidi kuua wauza dawa za kulevya. Polisi wenyewe walihesabu zaidi ya 6,000 waliouawa kwenye operesheni zao, wengi wao maskini wa mitaa ya mabanda, yaani wanyonge walewale. Machi 2025 alikamatwa na kupelekwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Dhana: Lugha hii ni ya wanaume peke yao.

Ukweli: Mwaka 1976 gazeti la jeshi la Kisovieti lilimwita Margaret Thatcher, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, mwanamke wa chuma. Akalipokea jina hilo kwa fahari.

Dhana: Kwa mila za Kanda ya Ziwa, siasa ni ya wanaume.

Ukweli: Gertrude Mongella ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili. Aliongoza mkutano wa wanawake wa dunia kule Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Na biashara ya dagaa hapa mwambao, wanaoanika na kuuza ni wanawake kwa wingi. Niliwahi kumsikia mama mmoja akimuuliza mgombea kuhusu vichanja vya kukaushia, maana mvua ilikuwa imemwozeshea mzigo. Mgombea akajibu, "Mama, hilo tuachie sisi wanaume." Umati ukampigia makofi, na vichanja havikutajwa tena mpaka mkutano ukavunjika.