Si chuo wala mwajiri anayekufanya muuguzi

Juzi tena, kwenye sherehe ya mahafali huku Uyole, Mbeya, mzee mmoja kashika kipaza sauti: "Sasa ukoo umepata nesi, kuanzia kesho sindano tunachomwa nyumbani." Vigelegele. Binti mwenyewe kainamisha kichwa, maana anajua hajafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, hana namba ya usajili, hana leseni. Hiyo kesho wanayoishangilia, yeye kisheria ni mhitimu wa stashahada ya uuguzi. Basi.

Nimeshalieleza hili kwenye vikao vya harusi, kwenye bajaji na kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka nimechoka. Naliandika ili mara nyingine nitume linki tu.

La msingi nalipitia haraka. Chuo kinatoa elimu. Daftari la wauguzi liko kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010. Mwenye shahada au stashahada husajiliwa, mwenye cheti huorodheshwa, na wote wanatakiwa wawe na leseni hai kabla ya kumgusa mgonjwa kama wauguzi. Hayo ni ya Bara. Zanzibar wana baraza lao. Hapa watu hawabishi sana.

Wanabisha hapa: "Lakini Matroni, mbona ana barua ya ajira?"

Barua ya ajira! Ndugu zangu, cheo cha kazi na jina la taaluma ni vitu viwili. Afisa Muuguzi Daraja la II, Afisa Muuguzi Msaidizi, Muuguzi: hivi ni vyeo vya muundo wa utumishi. Vinasema utalipwa nini, utapanda lini, nani anakusainia likizo. Mwajiri anavitoa na anaweza kuvichukua. Uuguzi wenyewe hautoi yeye. Dereva wa Coaster pale Kabwe akifukuzwa na tajiri leo, leseni anaondoka nayo na kesho anashika usukani wa gari jingine. Na huyo tajiri, hata ampende konda wake namna gani, hawezi kumgeuza dereva kwa barua yenye mhuri.

Mambo haya yana pande mbili, na huwa tunakumbuka upande mmoja tu. Halmashauri ikimwachisha kazi muuguzi kwa utoro, mtaani wanasema "kavuliwa unesi". Hajavuliwa. Ni muuguzi asiye na kazi, mpaka Baraza lenyewe limwite, limsikilize na liamue vinginevyo. Na Baraza likimfuta kwenye daftari, mwajiri hawezi kulalamika kwamba huyu ni mchapakazi, aachwe amalizie zamu. Hakuna zamu ya kumalizia.

Mwenye zahanati mmoja hapa mjini alimvalisha mhudumu gauni jeupe na mkanda, akambandika na beji ya muuguzi. Nilipouliza, akanijibu kwa upole kabisa, "Matroni, hapa kwangu huyu ndiye nesi." Kwake! Kana kwamba uuguzi ni kama jina la kijiji, kila mwenye eneo anajipangia.

Sasa nisieleweke vibaya. Bibi akishuka kutoka Tukuyu akamwita "nesi" kila aliyevaa jeupe, hata anayegawa uji, hajavunja sheria yoyote. Sheria inamwangalia anayejiita, au anayeacha waamini hivyo akijua sivyo. Kati ya hapo kuna watu wa katikati, na hao ndio wengi: mwenzetu ambaye jina lake liko kwenye daftari ila leseni imepitwa na tarehe kwa sababu hakukusanya pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya kitaaluma. Muuguzi ni muuguzi, ila wodini hana ruhusa. Mstaafu anayechoma jirani sindano ukumbini kwake naye yuko humo humo, na ukimwambia hivyo anakununia mwaka mzima.

Na wale wanaoniambia wenzetu ng'ambo walishamaliza mambo haya, watulie. New Zealand walitunga sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1901, na Ellen Dougherty akawa wa kwanza kwenye daftari lao Januari 1902. Uingereza ilifuata 1919. Lakini huko Uingereza sheria ililinda "muuguzi aliyesajiliwa" na "mkunga". Kujiita muuguzi bila kuongeza neno kulibaki wazi, na ni Mei 2025 tu serikali yao ilipotangaza nia ya kuliziba pengo hilo.

Vitabu vinasema majina haya yanalindwa kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Ni kweli, ila ni nusu. Taaluma inayopigania jina inapigania pia mshahara na heshima yake, na sisi si malaika.

Kuna linalonisumbua zaidi. Nenda zahanati ya milimani Makete au Ludewa, muuguzi kaitwa semina wilayani, usiku kabaki mhudumu wa afya wa mafunzo ya mwaka mmoja. Mama anafika na uchungu saa nane usiku, barabara ni tope tupu. Mhudumu anampokea mtoto. Hajasema popote kwamba yeye ni muuguzi, kwa hiyo jina letu hajaliiba. Kazi yetu ndiyo ameifanya. Kufanya kazi bila leseni nako ni kosa, sawa, lakini nani ataenda kumshtaki? Yule mama? Mimi siendi. Na hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mpango wa 2024, waliosoma miezi sita ili wapite nyumba kwa nyumba, kijiji hakikawii kuwaita "manesi wetu". Sijashawishika kwamba beji tofauti inatosha kuzuia hilo.

Ila huruma hiyo ni ya milimani. Wewe mwenye zahanati yenye lami mlangoni, huku wauguzi wenye leseni wanazunguka Mwanjelwa na bahasha za vyeti wakitafuta kazi, kabla hujachapisha beji omba leseni, soma jina, soma tarehe. Halisi, siyo picha ya WhatsApp ya mwaka juzi.