PipeWire na programu za zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"PipeWire imeiua ALSA." Haijaiua. PipeWire ni seva ya sauti kwenye Linux, na bila ALSA ingekosa pa kupeleka sauti. Draiva za kadi za sauti ni za ALSA, na zimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux. ALSA ndiyo mfumo rasmi wa sauti tangu kerneli 2.6, Desemba 2003. PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans wa Red Hat, inakaa juu yake: inazichanganya sauti za programu zote, kisha inaiachia ALSA izifikishe kwenye kadi. Fedora 34 ilipoifanya seva ya kawaida mwaka 2021, aliyestaafishwa ni PulseAudio, seva ya sauti iliyotangulia, na hata huyo hakuondoka mzima.

"Basi futa kila chenye jina la pulse." Hapa ndipo kompyuta inapobaki bubu. PulseAudio ina seva, halafu ina libpulse, maktaba ambayo programu huitumia kuongea na seva hiyo. Iliyobadilishwa ni seva tu. Mahali pake pana pipewire-pulse, inayosikiliza kwenye soketi ileile (mlango wa mawasiliano, mara nyingi ni /run/user/1000/pulse/native) na kuongea itifaki ileile. Firefox ya Mozilla, ambayo tangu toleo la 52 la mwaka 2017 inahitaji libpulse ili itoe sauti, inabisha mlango uleule na kuitikiwa, bila kujua kwamba nyumba ina mpangaji mpya. Andika `pactl info` uone: mstari wa jina la seva unataja PulseAudio na PipeWire kwa pamoja. Hiyo pactl nayo ni ya PulseAudio, na bado iko kazini.

"Programu za zamani lazima ziandikwe upya." La. Za JACK, seva ya sauti ya wanaorekodi muziki, hupewa maktaba mbadala ya libjack, yenye jina lilelile, ila maombi yote yanaishia PipeWire. `pw-jack ardour` haina uchawi wowote. Inaiambia Ardour, programu ya kurekodi, ianze kutafuta maktaba kwenye folda ya PipeWire. Za ALSA zikiomba kifaa cha default, libasound, maktaba ya ALSA, inazipitisha kwenye programu-jalizi ya PipeWire. Iliyong'ang'ania hw:0 inaifuata kadi moja kwa moja, na ikiishika, wengine wanaweza kunyimwa. Hapo usiilaumu PipeWire.

"Mchezo wa enzi za OSS hautoi sauti tena." Inategemea. OSS ni mfumo wa sauti uliotangulia ALSA. Mchezo huo unaandika kwenye /dev/dsp, faili ambalo siku hizi kwa kawaida halipo. `padsp ./mchezo` hutanguliza maktaba ndogo, libpulsedsp, kwa LD_PRELOAD, inayodaka ombi la kufungua faili hilo na kuligeuza liwe la PulseAudio, nalo linapokewa na pipewire-pulse. Tafsiri juu ya tafsiri, na inafanya kazi. Mchezo wa biti 32 unataka libpulsedsp ya biti 32. Wengi hukwama hapo. Uliounganishwa na maktaba zake zote ndani ya faili moja hauna pa kudakwa, padsp haiusaidii.

"Uigaji huu wote unachelewesha sauti." Kinachochelewesha zaidi ni ukubwa wa bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa. Sampuli 1024 kwa kasi ya 48000 kwa sekunde ni takriban milisekunde 21. Sampuli 128 hazifiki 3. Anayerekodi gitaa aanze na `pw-jack -p 128 ardour`, na sauti ikikatikakatika apande hadi 256.