Upele hautokani na uchafu, na mafuta ya taa si dawa yake

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai upele huwapata wachafu tu na kwamba mafuta ya taa huumaliza. Si kweli. Upele unaletwa na utitiri, mdudu mdogo mno anayechimba ngozini na kuenea kwa kugusana. Hata anayeoga kila siku huupata. Kagua katikati ya vidole: vipele, vijistari vyembamba, muwasho unaozidi usiku, na wenzako nyumbani nao wanajikuna. Mafuta ya taa huunguza ngozi, ya mtoto hasa. Nendeni kituo cha afya mpate krimu ya permethrini au losheni ya benzili benzoeti, mtibiwe nyumba nzima siku moja. Muwasho huweza kubaki wiki 2 hadi 4 baada ya tiba; hapo ndipo watu hudhani dawa imeshindwa, wakakimbilia mafuta ya taa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.