Ohemaa si mke wa mfalme

Juzi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tano nikakutana na sentensi ileile: Yaa Asantewaa, malkia wa Waashanti na mke wa Prempeh, aliongoza vita dhidi ya Waingereza. Nafundisha historia hapa Morogoro mwaka wa kumi na tisa sasa. Sentensi hii imenizeesha.

Kosa linaanzia kwenye neno malkia, tunalolitumia kutafsiri Ohemaa, cheo cha Waashanti wa Ghana. Tukilisikia tunamwona mke wa mfalme, au mwanamke aliyetawazwa badala ya mwanamume. Ohemaa si huyu wala si yule. Ni mama yake mtawala, au dada yake, au mama yake mdogo, mradi wawe damu moja kwa upande wa mama. Mke wa mtawala ni wa ukoo mwingine, kwa hiyo hahusiki. Ohemaa wa Prempeh, mfalme wa Waashanti, alikuwa Yaa Akyaa, mama yake mzazi, aliyempigania mpaka akapata kiti cha ufalme mwaka 1888. Waingereza walipomkamata Prempeh mwaka 1896 walimchukua na mama, na mama huyo akafia Shelisheli. Yaa Asantewaa alikuwa Ohemaa wa Ejisu, mji ulio jirani na Kumasi, makao ya mfalme. Aliongoza vita ya 1900 wakati wakubwa wengi wako uhamishoni, akiwamo mjukuu wake, mtawala wa Ejisu.

Ukishawanyang'anya "mke", wanarukia lingine: basi kule wanatawala wanawake! Hapana, jamani. Ukoo wa mama unasema mtoto ni wa nani na kiti kinakwenda kwa nani, hausemi nani anaamuru nyumba au nchi. Ohemaa ana kiti chake na baraza lake, na kiti cha mfalme kikiwa wazi yeye ndiye anayependekeza jina. Wazee wanaweza kulikataa. Mwaka 1999 Asantehemaa, yaani Ohemaa wa Waashanti wote, Afia Kobi alimpendekeza mwanawe wa kumzaa, ndiye Osei Tutu II wa leo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili kimeshatupa maneno yote. Wofa wa Waashanti ni mjomba, si baba mdogo, na wala si hiyo "anko" mnayoitumia kwa kila mwanaume mwenye gari. Cheo na mali ya ukoo hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Nikianza kuchora ubaoni, watoto wa Kiluguru hunyoosha mkono kabla sijamaliza, maana kwao mashamba ya ukoo yamefuata njia hiyohiyo. Wengine nawapa dawa moja tu: ukitaka kumjua mrithi wa Asantehene, mfalme wa Waashanti, futa wake zake wote ubaoni, bakiza dada zake.

Na baba je? Ameandikwa kwenye insha kwamba "hana maana". Baba wa Kiashanti ndiye anayempa mtoto jina, na ntoro, ile roho inayomwongoza, hutoka kwake. Tena sheria ya mirathi ya Ghana ya 1985 inawapa mke na watoto sehemu kubwa ya alichochuma marehemu mwenyewe. Mali ya ukoo ndiyo inayobaki kwa abusua, ukoo wa mama.

Mengine nayamaliza haraka. Kiti cha Dhahabu, kiti kitakatifu cha Waashanti, hakikaliwi na mtu, hata Asantehene; kina kiti chake chenyewe na hulazwa ubavu. Gavana Hodgson wa Waingereza alidhani kama mnavyodhani, kwamba kinakaliwa, Machi 1900 akawauliza wakubwa wa Kumasi kwa nini hajaletewa akikalie, na vita ikaanza. Kente, kitambaa cha Waashanti, hufumwa vipande vyembamba, kisha vipande vikaunganishwa kwa sindano. Nenda Bonwire, kijiji cha wafumaji, ukaone. Kitenge kilichopigwa chapa ya kente ni kitenge. Waashanti si Ghana nzima, na usimwite Mfante, mtu wa kabila lingine la Ghana, Mwashanti ukiwa kwao Cape Coast.

La mwisho, ambalo hakuna anayeniuliza. Prempeh "alipotelea uhamishoni", mnaandika. Alikuwa kwenye bahari yetu hii ya Hindi, Shelisheli, kulekule walikopelekwa Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924.