Tunafundisha kabla ya kutangaza

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya jioni. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa amefiwa na mama yake mzazi wiki tatu nyuma, akataka kujua Wakatoliki huwafanyia nini wafu wao. Mimi ni katekista wa watu wazima, swali kama hilo ningelijibu hata usingizini. Nikamweleza habari za toharani (hali ya utakaso baada ya kifo), nikamtajia namba za Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa (1030 hadi 1032), nikamchambulia tofauti ya kumwombea marehemu na kumwomba mtakatifu. Dakika ishirini nzima. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaondoka.

Bibi mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo aliacha kazi yake akamfuata. Nilimsikia akiuliza kitu kimoja tu: "Mama yako aliitwa nani, mwanangu?" Wakaketi kwenye ngazi, wakasali fungu moja la rozari, bibi akimtaja marehemu kwa jina. Wiki iliyofuata yule mama alirudi, na aliyemtafuta ni bibi. Mimi alinisalimia tu. Mwaka wa pili yake alibatizwa katika Kesha la Pasaka, na bibi ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi kwa sababu sikukosea neno hata moja katika yale niliyomwambia. Nilikosea mpangilio. Na nikitazama namna sisi Wakatoliki tunavyojaribu kuwaleta watu katika imani, kosa letu kubwa naliona hapo hapo: tunafundisha kabla ya kutangaza, na tunatangaza kabla ya kusikiliza.

Mpangilio wenyewe Kanisa linao, tena wa zamani sana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima, yaani safari ya kuwaandaa kwa ubatizo, urudishwe kwa hatua zake, na ibada yake ikatolewa mwaka 1972. Ina vipindi vinne: uinjilishaji wa awali, ukatekumeni wenyewe, utakaso na mwangaza wakati wa Kwaresima, halafu mistagojia katika kipindi cha Pasaka, ambapo waliobatizwa huongozwa kuyaonja mafumbo waliyoyapokea. Kwa niliyoyaona, tunafanya vizuri cha pili na cha tatu. Cha kwanza tunakiruka: mtu akibisha hodi anapewa fomu, daftari na siku ya somo la kwanza. Cha nne nitakirudia baadaye, maana ndicho kinachoniuma zaidi.

Katika hicho kipindi cha kwanza ndipo kerigma inapokaa. Neno ni la Kigiriki, maana yake ni tangazo, mbiu. Msome Petro siku ya Pentekoste, katika Matendo ya Mitume. Hakuanza na sakramenti saba. Alisema kwamba Yesu yule waliyemsulubisha, Mungu amemfufua. Wasikilizaji wakachomwa mioyo, wakauliza, "Tutendeje?" Hapo ndipo akawaambia watubu, wakabatizwe. Katekesi, yaani mafundisho ya imani, ni jibu la swali hilo. Mtu ambaye hajachomwa moyo ukimpa majibu, unampa mzigo wa kukariri. Papa Fransisko aliandika mwaka 2013, katika Evangelii Gaudium, kwamba tangazo hilo la kwanza (Yesu Kristo anakupenda, aliutoa uhai wake akuokoe, na sasa yu hai kando yako kila siku) haliitwi la kwanza kana kwamba ukilipita unalisahau. Linapaswa kusikika tena na tena katika kila hatua. Ninapoandaa somo, hata liwe la sheria za kufunga, najiuliza sentensi hiyo itasikika wapi. Nisipopaona, somo linarudi jikoni.

Kuna zoezi ninalowapa Wakatoliki wenzangu wanaotaka kuinjilisha. Nawaambia: eleza kwa dakika mbili kwa nini wewe ni Mkristo, bila kusema "nilizaliwa katika familia ya Kikatoliki". Wengi hukwama ndani ya sekunde kumi. Si kwamba hawana imani. Wanayo, pengine kunishinda mimi. Ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Mwalimu mmoja alikaa kimya kabisa, kisha akasema, "Nilipokuwa nataka kujiua, niliingia kanisani kwa sababu mlango ulikuwa wazi." Hiyo tayari ni injili, na ilimchukua sekunde tano. Papa Paulo VI aliliona jambo hili mapema alipoandika mwaka 1975 kwamba mtu wa leo huwasikiliza mashahidi kwa utayari kuliko walimu, na akiwasikiliza walimu ni kwa sababu nao ni mashahidi.

Sasa kusikiliza. Angalia njia ya Emau. Yesu aliyefufuka anawakuta wafuasi wawili wamenuna, wanamsimulia habari za kifo chake mwenyewe, na yeye anauliza, "Mambo gani?" Kama kuna aliyejua mambo hayo, ni yeye! Akawaacha wayamalize yote, hata lile la "sisi tulitumaini", ndipo akafungua Maandiko. Filipo naye, katika Matendo ya Mitume, alikimbilia gari la yule Mwethiopia na swali mkononi: je, unaelewa unachosoma? Kwa hiyo vikao vyangu vya mwanzo siku hizi havina somo. Nauliza: ni nini kimekuleta, na kwa nini sasa? Halafu tunasoma Injili ya Marko kwa sauti, sura moja moja, na kila mtu anasema kilichomshangaza. Ni sura 16 tu. Watu wazima wengi niliowapokea walikuwa hawajawahi kuisoma injili moja mwanzo hadi mwisho, wakiwemo waliobatizwa utotoni.

Mwaliko wa Misa nao una ufundi wake. Mgeni anaingia mahali ambapo kila mtu anajua lini asimame, lini apige magoti na lini aitikie. Usimpeleke kiti cha mbele kwa heshima. Huko hamwoni wa kumwiga. Keti naye katikati, wewe kando yake. Na kabla hamjaingia mwambie kuhusu Komunyo: "Wakati huo wewe utabaki umeketi, na hakuna atakayekushangaa." Nimewahi kumwona kijana akifuata foleni kwa kuwa wote walisimama, akafika mbele ya padri hajui mikono aiweke wapi. Aliona aibu iliyomstahili aliyemwalika.

Kuna mambo mawili ambayo tukiyachelewesha yanageuka ukatili. La kwanza ni ndoa. Nimeshuhudia mtu akiambiwa wiki mbili kabla ya Pasaka kwamba ndoa yake ya awali lazima ichunguzwe na mahakama ya Kanisa. Mwaka mzima hakuna aliyeuliza. Aulizwe mapema, faraghani, na aelezwe kwamba safari inaendelea wakati suala linashughulikiwa. La pili: aliyebatizwa kihalali katika Kanisa jingine la Kikristo habatizwi tena, na wala si mkatekumeni. Ukimwita hivyo, umemwambia kwamba maisha yake yote ya sala hayakuwa na maana.

Kuhusu mabishano ya mtandaoni nitasema kidogo tu. Nimeshiriki, nimeshinda kadhaa, sijapata mkatekumeni hata mmoja kutoka huko. Carlo Acutis, kijana Mwitaliano aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, anajulikana kwa tovuti yake ya miujiza ya Ekaristi. Lakini mfanyakazi wa nyumbani kwao, aliyekuwa wa dini ya Kihindu, aliomba ubatizo kwa kumwona mtoto yule akiishi imani yake pale pale nyumbani. Papa Benedikto XVI alisema mwaka 2007 huko Aparecida, Brazil, kwamba Kanisa hukua kwa mvuto. Kiswahili kinatutega hapa, maana mvuto na kuvuta ni shina moja. Ua lina mvuto, wala halimvuti nyuki shingo.

Na mgeni akikuuliza kuhusu watoto waliodhulumiwa na mapadri? Usianze na "hata kwingine yapo". Sema ni dhambi na ni uhalifu, sema wapo viongozi walioficha, kisha nyamaza umsikilize. Huenda anayeuliza si mdadisi.

Nilisema nitarudi kwenye kipindi cha nne. Kutoka Pasaka hadi Pentekoste ni siku 50, na ndizo tunazowapotezea watu wetu. Mwaka mzima mtu alikuwa na kikao kila wiki, marafiki, jina lake linatajwa katika sala za waamini. Usiku wa Kesha anavikwa nguo nyeupe, anapigiwa makofi. Wiki inayofuata hana kikao, hana wa kumpigia, na katekista anapumzika. Ndani ya mwaka hatumwoni, tunasema hakuwa na mizizi. Ni sisi tulioacha kumwagilia.

Kwa hiyo sasa Jumatatu ya Pasaka nampigia simu kila mmoja. Nauliza, "Maji yalipokugusa, ulihisi nini?" Mwaka jana baba mmoja wa makamo alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Yalikuwa baridi," alisema.

Zamani hapo ningeshaanza kumfafanulia ishara ya maji katika kitabu cha Kutoka. Nikanyamaza, nikamsubiri aendelee.